Ulizaliwa Njiti?

Kwetu Tetu mtu husalimiwa akiwa bado upande wa pili wa bonde. Unamwona jirani akipanda mteremko na mkebe wa maziwa, unapaza sauti, naye anajibu, na kabla hamjafika darajani mmekwisha kuulizana habari za ng'ombe, za mvua na za mgonjwa. Asiyejibu anaringa. Mimi sikuwa nikijibu, kwa hiyo nilianza kuringa nikiwa darasa la kwanza, na sifa hiyo nikaivaa hadi nikawa mtu mzima.

Ukweli ni kwamba upande wa pili wa bonde kwangu haukuwapo. Palikuwa na rangi ya kijani, juu yake weupe, na sauti zikitoka humo bila wenyewe. Nilidhani kila mtu huona hivyo, na kwamba wenzangu walikuwa hodari tu wa kutambua sauti. Mwalimu wa darasa la tano ndiye aliyegundua, na hakugundua kwa werevu wake bali kwa sababu nilimkanyaga. Akaniketisha mbele, na baadaye baba akanipeleka Nyeri mjini nikapewa miwani minene. Hata kwa miwani, mbali palibaki mbali. Ngazi zilinidanganya urefu wake, mpira ulinipiga usoni kabla sijaamua kuudaka, na giza likiingia nilitembea nimemshika mtu mkono.

Karibu ni habari nyingine. Kwa karibu hakuna aliyeniweza. Nilivua miwani, nikasogeza kitambaa hadi puani, na uzi uliokosea njia niliuona kabla fundi mwingine hajatafuta taa. Ndiyo maana nilipomaliza shule nilijifunza ushonaji, na kufikia miaka ambayo wasichana wenzangu walikuwa wakisubiri kuolewa, mimi nilikuwa na cherehani yangu na kibanda changu karibu na soko la Nyeri, nikishona sare za shule. Wateja walinitania kwamba nanusa nguo. Niliwaambia ni kweli nanusa, na kwamba hakuna aliyewahi kunirudishia sketi. Watu niliwatambua kwa mavazi: yule ana kola niliyoishona mimi, huyu ana pindo lililofumuka, basi si mteja wangu.

Kwa hiyo kuitwa mwenye maringo hakukuniuma. Kilichoniuma ni neno moja ambalo baba yangu hakuniita.

Sisi Wakikuyu hatutafuti jina la mtoto, lipo likimngoja. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Hakuna mashauri hapo. Na kwa kuwa binti wa kwanza amebeba jina la nyanya huyo mzaa baba, baba yake humwita maitu, yaani mama yangu. Utamkuta mzee wa mvi akimwambia mtoto anayetambaa, maitu, toka kwenye jivu, na hakuna anayecheka.

Mimi ndiye binti wa kwanza kwetu. Jina langu ni la mama wa mama. La upande wa baba alipewa mdogo wangu wa kike anayenifuata. Mtu yeyote wa kwetu akisikia mimi ndiye mkubwa, kisha akasikia jina, hunyamaza kidogo, kisha hutafuta jambo jingine la kuzungumza. Nilikijua kimya hicho nikiwa mdogo sana. Kimya kile kilikuwa kikiuliza baba yangu ni nani.

Kisa chenyewe, kwa jinsi nilivyokijua wakati huo, kilikuwa kifupi. Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni wakipambana na wapiganaji wa msituni, baba alikuwa kizuizini, na mama alikuwa amerudi kwa mama yake, kwa sababu watu wa baba walihamishiwa kijiji kingine cha lazima, ng'ambo ya mto, na hukuweza kuvuka bila kibali. Baba aliporudi walikaa pamoja huko kwa mama. Nilizaliwa kabla mwezi wa saba haujatimia tangu arudi. Nyanya, mama yake baba, alipopata kibali cha kuvuka aje kuniona, siku zilikuwa zimepita, na alikuta mtoto mwenye mashavu. Akanitazama, akanihesabia miezi, akasema mtoto wa miezi saba hawezi kuwa na mashavu kama yale. Halafu akasema jina lake halina haraka, lisubiri mtoto mwingine. Akavuka kurudi kwake.

Waswahili wana msemo kwamba kitanda hakizai haramu. Ni msemo mzuri, lakini nyanya yangu hakukulia Uswahilini.

Baba hakutufukuza. Mgala muue na haki yake umpe: alinilea, akanilipia karo, akaninunulia miwani. Lakini alikuwa mwana wa mama yake na hakubishana naye. Mdogo wangu alipozaliwa, neno lile likapata mahali pa kukaa. Maitu, umeamka? Maitu, lete kikombe. Mimi aliniita kwa jina, kwa upole, kama mtu anavyoliita jina la mtoto wa jirani. Jioni moja, nikiwa na miaka kama sita, alisema, maitu, niletee maji, na mdogo wangu alikuwa nje, basi nikayapeleka mimi. Akayanywa yote. Akasema ahsante, na baada ya ahsante akalitaja jina langu, wazi kabisa, ili pasiwe na makosa. Nilienda nyuma ya ghala la mahindi nikalia hadi nikachoka.

Sikumsikia mama akijitetea hata mara moja. Nilimwuliza nikiwa msichana mkubwa, naye akasema nilizaliwa mapema, akainuka akaenda kukamua. Mama yangu akikasirika hukamua ng'ombe. Mimi nilibaki na kioo. Kioo ndicho kitu kilichokuwa karibu vya kutosha nikakiona vizuri, na nilikitumia kutafuta pua ya baba usoni mwangu. Siku nyingine niliipata, siku nyingine sikuipata.

Basi miaka ikaenda. Mdogo wangu akaolewa Kerugoya. Nyanya akazeeka, akahamia nyumbani kwa baba, na macho yake yakaanza kufifia. Alimwaga uji nje ya kikombe, akamsalimia ng'ombe akidhani ni mama. Mama alimhudumia bila neno. Kisha asubuhi moja baba akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungumza juu ya majani ya chai na bei ya chakula cha ng'ombe mpaka nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema kwamba kuna daktari wa macho amekuja katika hospitali ya mjini kwa siku chache, na kwamba mimi niko mjini, na mambo ya macho nayajua. Angefurahi kama ningempeleka nyanya.

Nilifunga uzi, nikaukata kwa meno. Nilimwambia ningempeleka, kwa sababu hata mgeni ningempeleka. Najua aliisikia ile "hata" yangu, lakini alishukuru tu akaondoka.

Nyanya alifika amevaa kanga mbili mabegani na viatu vya baba. Tulikaa kwenye benchi la hospitali bega kwa bega. Wakati wa kuitwa ulipofika alinishika mkono, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya, nami nikamwongoza, kwa sababu sikuwa na jingine pia. Vipofu wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa kila mahali, tukaingia.

Daktari alikuwa mtu wa pwani, kijana bado, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao hasa. Alisimama kwa heshima, akamvutia nyanya kiti, akasema, "Karibu bibi, keti hapa." Kwetu bara bibi ni mke. Nyanya hakukaa. Aliniuliza kwa Kikuyu kijana huyu amemwoa lini, na kwa ng'ombe wangapi. Nilimweleza daktari, naye akaona haya, akamwita mama kuanzia hapo.

Akamulika macho ya nyanya kwa tochi yake, moja baada ya jingine. Kisha akanigeukia akasema taratibu, "Ana mtoto wa jicho, pande zote mbili. Lakini anatibika."

Nyanya alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na katika maneno yote yale alidaka moja. Akauliza kwa mshangao, "Mtoto? Mtoto ya nani?"

Nilicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Swali hilo alikuwa ameliuliza kuhusu mimi tangu niko mgongoni mwa mama, na sasa lilikuwa limemrudia na kukaa machoni pake. Daktari alingoja nimalize, akaeleza kwamba ni ukungu tu ndani ya jicho, kwamba atautoa, na kwamba mama huyu ataona tena. Nikatafsiri. Nyanya akasema kama ni ukungu, basi autoe.

Ningeondoka hapo. Lakini daktari aliitazama miwani yangu, akatazama na jinsi nilivyokuwa nimeinamisha kichwa upande mmoja, kama ninavyofanya nikitaka kumwona mtu sawasawa, akaniuliza nilipimwa lini. Nilimwambia mgonjwa ni huyu. Akasema tochi ni moja na haitachoka. Akanitia dawa machoni, akaningojesha, kisha akasogea karibu kabisa na taa yake na kuchungulia, akaniambia nitazame juu, chini, kando, tena kando. Alichukua muda kuliko aliouchukua kwa nyanya. Nilianza kuogopa. Mshonaji ni macho, na mimi sikuwa na mume wala shamba, nilikuwa na cherehani.

Akakaa nyuma, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, wewe ulizaliwa njiti?"

Naomba msomaji aelewe. Kwetu njiti ni ya kiberiti. Mimi ni mrefu, tena mwembamba, na shuleni walikwisha kuniita majina ya kila kitu kirefu, kuanzia mwanzi hadi mlingoti wa bendera. Nilikuwa nimeamka mapema, nimefunga kibanda siku ya biashara, nimemleta bibi kizee ambaye hakuwahi kunipenda, na sasa mtu aliyesoma ananiuliza kama nilizaliwa kijiti. Nilimwambia kwamba nilizaliwa mtoto kama yeye alivyozaliwa, na kwamba kama kazi yake ni kupima wembamba wa watu, aanzie kwao. Nilishaokota mkoba wangu.

Daktari alishangaa, halafu akaelewa, akafunika mdomo kwa mkono ili asicheke, na hakufaulu. Aliniomba radhi. "Kwetu njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia," akasema. "Mtoto mdogo sana. Sikukutukana, dada yangu."

Nikarudi nikakaa.

Akaeleza bila haraka. Alisema hawezi kuapa, maana yeye hakuwapo, lakini macho kama yangu amekuwa akiyaona hasa kwa watu wazima waliozaliwa wadogo sana, kabla ya wakati. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha, na mishipa yake hukua mtoto akiwa bado tumboni. Akitoka mapema, mishipa humalizia kukua nje, na mara nyingine haifuati njia yake. Yangu ilikuwa imevutwa upande mmoja katika macho yote mawili, na ilikuwa na alama za zamani sana, za utotoni. Ndiyo sababu sioni mbali, ndiyo sababu nainamisha kichwa, ndiyo sababu ngazi na mipira hunionea. Si ugonjwa wa jana, na ushonaji haukuuleta. Ila nitahitaji kupimwa kila mwaka maisha yangu yote, na siku nikiona cheche, au kitu cheusi kikishuka pembeni kama pazia, nisingoje kesho.

Nyanya alikuwa akinivuta mkono. Alitaka kujua tunazungumza nini kirefu hivyo.

Nikamtafsiria. Sijawahi kufanya kazi ya ukalimani kwa moyo kama siku ile. Nilianza na mishipa, nikaja kwenye miezi, nikarudi kwenye mishipa. Pale daktari aliposema neno moja mimi nilitumia matatu. Nilisema daktari huyu, asiyejua sisi ni nani, ametazama ndani ya macho yangu na kusema kwamba nilizaliwa kabla ya miezi kutimia. Nikalirudia hilo. Hadi dakika ile mimi mwenyewe sikuwa na uhakika.

Nyanya aliuachia mkono wangu. Kisha akanipita mimi, nadhani hakuuamini ukalimani wangu, akamwelekea daktari na Kiswahili chake cha sokoni.

"Daktari, hiyo mtoto ya njiti," akasema, "inaweza kunona?"

Kunona kwa watu wa pwani ni kwa mbuzi. Daktari alitabasamu, lakini safari hii hakucheka. Nadhani aliona kwamba ameulizwa jambo kubwa, ingawa hakujua ni lipi.

"Akipata mama asiyelala usingizi," akasema, "hunenepa hata kuwashinda waliotimiza miezi."

Nilifungua mdomo nitafsiri. Nyanya akaniinulia mkono. Alikuwa amesikia.

Tulitoka tena tumeshikana mkono. Nilimnunulia chai na mandazi katika hoteli iliyo karibu na soko, akanywa chai, mandazi akayafunga kwenye ncha ya kanga. Baba alipokuja kumchukua, nyanya alinigusa uso. Vidole vyake vilipita kwenye mashavu yangu, ambayo siku hizo hayakuwa na nyama ya kusema.

Jumapili nilipanda Tetu kumwona mama. Nilimkuta jikoni akimenya viazi, nikamwambia yote, na lile neno njiti pia. Kisu kilisimama. Nilidhani atainuka akakamue. Lakini alibaki, na kwa mara ya kwanza akanisimulia.

Alikuwa kwenye kazi ya lazima, akichimba matuta mlimani pamoja na wanawake wengine, uchungu ulipomshika. Hakukuwa na ruhusa ya kuacha kazi mpaka filimbi. Nilizaliwa jioni ile nyumbani kwa mama yake, mdogo kiasi cha kutosha katika kiondo, ngozi nyekundu, kucha bado hazijafika. Nyanya huyo, ninayeitwa jina lake, alinitia ndani ya kiondo na manyoya ya kondoo, akakining'iniza karibu na moto, na kwa zamu yeye na mama walikesha wakinidondoshea maziwa mdomoni kwa pamba. Na mlango walifunga. Mtoto wa hivyo hakuonyeshwa mtu. Ilikuwa mwiko, na pia ilikuwa hofu, kwamba macho ya watu yatamaliza kile kidogo kilichobaki. Hata baba alinichungulia mara moja tu, gizani, akaambiwa atoke. Majirani waliambiwa mama ana homa. Hakuna aliyefunguliwa mlango mpaka nilipofura mashavu na kuonekana kama watoto wa watu.

"Nilikunenepesha ndipo nikakuonyesha," mama akasema. "Na hayo mashavu ndiyo yaliyonishtaki."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema alisema, mara moja, siku ile ile nyanya alipokuja, na hakuaminiwa. Yeye si mtu wa kusema ukweli mara mbili. Akaendelea kumenya viazi. Nilikaa pale nikalia, na safari hii sikulia kwa uchungu. Nilikuwa na hakika, na hakika inaliza pia.

Nyanya alifanyiwa operesheni, jicho la kwanza kisha la pili, na akapewa miwani minene kama yangu. Yangu hufanya macho yawe madogo kama maharagwe, yake ilifanya macho yawe makubwa kama vikombe. Siku niliyompitisha sokoni, muuza ndizi alitutazama mmoja mmoja akasema, "Huyu ni cucu yako kweli. Mnafanana." Cucu kwetu ni nyanya. Nyanya alisimama. Alimtaka mama yule arudie, eti hakusikia vizuri. Kisha akanunua ndizi zake ambazo hatukuwa tukizihitaji.

Hapa niseme kidogo juu ya macho yangu, maana huenda msomaji ana yake kama haya. Nilimtii daktari. Nimepimwa kila mwaka, hata miaka ambayo nilikuwa na sare za shule tatu kichwani na hakuna wa kunishikia kibanda. Waswahili husema macho hayana pazia. Yangu siku moja yakapata. Nilikuwa nikitia vifungo, nikaona cheche pembeni, kisha kivuli cheusi kikaanza kushuka, na nikaliacha shati la watu na kifungo kimoja, nikaenda. Jicho lile liliokolewa. Wako wenzangu waliongoja kesho na hawakuokolewa. Bado nashona, bado nanusa nguo, na watu wa ng'ambo ya bonde bado wanasema naringa. Siku hizi nawapungia mkono kwa kubahatisha. Nimewahi kuusalimia mgomba.

Sasa nirudi kwa nyanya. Baada ya macho yake kupona, nyumbani walingoja aseme jambo, na hakusema. Baba alinitazama Jumapili kwa Jumapili na hakusema pia. Mimi nilishajua nilichotaka kujua, nikajiambia kwamba hilo latosha. Halikutosha, lakini nilijiambia.

Kuna desturi kwetu mtoto akizaliwa. Wanawake wa boma la mume huja kumwona mama, na hawaji mikono mitupu. Mmoja hubeba uji kwenye kibuyu, mwingine kuni mgongoni, ili mzazi asihangaike na moto. Kuni zile ndizo ushahidi kwamba mtoto amepokelewa. Mama yangu alizipata kwa wadogo zangu wote. Kwa ajili yangu, watu wa ng'ambo ya mto hawakuleta hata kijiti.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, na mimi nilikuwa jikoni na mama. Tuliona mlango ukitiwa giza. Nyanya alikuwa amesimama pale, ameinama, ukanda wa mzigo umepita kwenye paji la uso kama wanawake wa zamani, miwani ikiwa imeteleza puani, na mkononi ana kibuyu. Daktari alikuwa amemkataza mizigo mizito, kwa hiyo kuni zake zilikuwa njiti tupu, vijiti vya kuokotwa chini ya mikahawa. Alikuwa ametoka nyumba yake iliyo nyuma ya yetu, ua ule ule, lakini alikuwa amezunguka akapitia lango kubwa, kama mtu anayetoka mbali.

Hakuingia. Alibisha kwa mdomo, ingawa mlango ulikuwa wazi, akasema, "Nimekuja kumwona mtoto."

Mama alikuwa na mwiko mkononi. Alimtazama muda mrefu hivi kwamba niliogopa atamwambia amechelewa mno. Mama yangu alikuwa na haki hiyo. Kisha akaweka mwiko chini, akaenda, akampokea mzigo mgongoni kwa mikono miwili, kama unavyopokea wa mtu mwenye kuni nyingi. Akachukua kibuyu. Akamimina uji, akaunywa wote pale pale akiwa amesimama, bila kupumzika, machozi yakimshuka hadi kwenye kikombe. Alipomaliza akanionyesha kwa kidole.

"Mtoto huyo hapo," akasema.

Nyanya alikuja karibu sana, karibu kama mimi ninavyosogelea kitambaa, akanitazama kwa macho yake ya vikombe. Alisema alikosea, na kwamba hakukosea kwa macho, maana siku zile yalikuwa mazima. Akasema jina nililonalo ni la mwanamke aliyenikeshea, libaki, mtu havuliwi jina. Lakini mimi ni wake. Alisema hivyo mara mbili, yeye si kama mama. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikakaa chini kando yake.

Sijui baba alikuwa amesimama uani tangu lini. Mlango ulikuwa wazi, basi alikuwa ameona kuni, ameona uji. Alikohoa. Halafu akaita kutoka pale nje, kwa sauti isiyo na nguvu sana, "Maitu, niletee maji."

Sikuinuka. Mama yake mzazi alikuwa ameketi pale kando yangu, na ni haki yake kuitwa hivyo na mwanawe. Mdogo wangu alikuwa Kerugoya na watoto wake. Nyanya naye hakuinuka. Alinisukuma kwa kiwiko.

"Unaitwa wewe," akasema. "Mimi leo ni mgeni."

Nilikuwa nimesikia. Nina tatizo la macho, masikio yangu ni mazima tangu nizaliwe. Niliinuka taratibu, nikachota maji, nikajaza kikombe hadi ukingoni, nikasimama nacho ndani ya mlango kama mtu ambaye hajui ni nani aliyeitwa, ili aseme tena.